Vizibo vya masikio kutoka Gerezani: maoni ya nesi anayelala mchana Sinza

Kwa walio na haraka, nitoe hukumu mapema. Vizibo vya masikio vya sponji, vile laini vyenye umbo la kengele vinavyouzwa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kwenye maduka ya helmeti, reflekta na gambuti, vinafanya kazi. Jozi moja ni shilingi 1,000, na ukichukua nyingi wanakupunguzia. Navitumia kila ninapolala na sina mpango wa kuacha. Ila vina masharti yake, kuna watu havitawafaa kabisa, na kuna mtu mmoja ambaye sikubali anishauri nivivae. Huyo nitamfikia.

Mimi ni nesi. Wiki za naiti natoka wodini asubuhi na kufika nyumbani Sinza jua limeshapanda na mtaa umechangamka. Upande wa kulia kuna fundi mageti na grinda yake. Mbele kuna kijiwe cha bodaboda, na wawili watatu kati yao wametoboa eksozi makusudi ili pikipiki ingurume. Muuza vyombo anapita na toroli, kipaza sauti kinarudia "kila kitu mia tano, kila kitu mia tano" mpaka anakata kona ya mbali. Nikiwa zamu ya mchana nalala usiku kama watu wengine, na usiku ni wa baa iliyo nyuma yetu, ambayo spika zake zilipangwa nje zikitazama vyumba vyetu. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam nzima, na wengi wetu tunalala ukuta kwa ukuta na biashara ya mtu mwingine.

Nyumba yetu ni ya kawaida: tofali, bati, silingibodi sebuleni tu, madirisha ya nondo na nyavu. Kioo hakuna. Nalitaja hili kwa sababu miongozo ya kelele tunayoisoma imeandikwa zaidi ikiwafikiria watu wenye dirisha la kufunga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulikadiria kwamba hata dirisha lililoachwa wazi kidogo hupunguza kelele kwa desibeli 15 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kutoka nje hadi ndani. Nyavu haipunguzi kitu. Na hata ungekuwa na kioo, Januari ya Dar ukifunga dirisha usiku utaamka umelowa jasho, kama umelala. Kwa hiyo kwetu hatua ya kwanza ambayo wenzetu wanaichukua bila kufikiri, kufunga dirisha, haipo. Kinga inayobaki karibu ni ile unayoiweka sikioni.

Sokoni nimezikuta aina tatu. Ya kwanza ni vizibo vya njano, vimenyooka kama vipande vya chaki, sponji yake ni ngumu kidogo na ukikiminya kinarudi umbo lake polepole. Ya pili ni hivyo vya umbo la kengele, mara nyingi rangi ya chungwa, sponji laini zaidi, vyembamba mbele na vipana nyuma. Ya tatu ni vya mpira wa silikoni vyenye pete tatu na kamba ya kuning'iniza shingoni. Nimevitumia vyote. Vya njano vinaziba vizuri, lakini kwenye sikio dogo kama langu vinasukuma, na baada ya saa chache unahisi kidonda ambacho hakipo. Vya silikoni vinaoshwa na kudumu, lakini si vya kulalia, kwa sababu shina lake linatokeza nje na ukigeukia ubavu mto unakisukuma ndani. Vya kengele ndivyo vinavyokaa usiku kucha bila kunikumbusha kwamba vipo.

Wengi wanaosema havifanyi kazi wanaviweka vibaya. Nimemwona mwenzangu wodini anakichomeka kama anavyochomeka spika za simu, kimekaa mlangoni mwa sikio, kisha analalamika kwamba anasikia kila kitu. Kinatakiwa kiingie. Nawa mikono kwanza. Kiviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kiwe chembamba sana, bila mkunjo, kwa sababu kila mkunjo ni mfereji wa sauti. Mkono wa upande wa pili uupitishe juu ya kichwa, ushike sikio kwa juu, ulivute juu na nyuma; njia ya sikio ina kona, na ukilivuta hivyo inanyooka. Kisukume ndani kabla hakijavimba, ukishikilie kwa ncha ya kidole huku ukihesabu taratibu hadi thelathini. Utasikia dunia inarudi nyuma kidogo kidogo wakati sponji inajaza nafasi. Ukitaka kujua kama kimekaa, funika masikio yote mawili kwa viganja, kisha achia. Ukisikia tofauti kubwa, kitoe uanze upya. Kikikaa sawasawa viganja haviongezi kitu.

Sasa namba. Kwenye kifungashio utaona herufi NRR, kipimo cha Marekani cha jinsi kizibo kinavyopunguza kelele, au SNR, cha Ulaya. Vya kwangu vimeandikwa NRR 33, na kwa vizibo vya sponji hiyo ndiyo namba ya juu utakayokutana nayo. Muuzaji atakwambia vinaondoa desibeli 33. Usimkatalie, ila usihesabu hivyo. Namba hiyo imepimwa maabara, kwa watu waliovalishwa vizibo sawasawa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri kwamba kwa vizibo vya sponji uikate namba hiyo nusu kabla ya kuiamini. Kwa hiyo mimi nahesabu desibeli 16. Na 16 si haba: kila desibeli 10 zinaposhuka, sikio la kawaida linahisi sauti imepungua karibu nusu.

Nilitaka kuona kwa macho, nikapakua programu ya bure ya kupimia kelele kwenye simu. Maikrofoni ya simu si kifaa cha maabara, kwa hiyo nazichukua namba zake kama makadirio. Jumamosi usiku wa manane, kitandani kwangu, taa zimezimwa, ilikuwa inacheza karibu na desibeli 65. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo huohuo wa 1999, linataka chumba cha kulala kiwe na desibeli 30 na vishindo vya ghafla visizidi 45. Toa 16 kwenye 65 unabaki na 49. Maana yake vizibo vimenisaidia sana na bado sijafika panapotakiwa.

Kuna jambo lingine ambalo simu haikuonyeshi, nalo ni besi. Programu nyingi hupima kwa mizani inayoitwa A, iliyotengenezwa kufuata jinsi sikio linavyosikia sauti za kiasi. Mizani hiyo inapunguza sauti nzito: mngurumo wa hezi 63, ambao ndio uti wa mgongo wa spika kubwa, hukatwa desibeli 26 kabla namba haijafika kwenye kioo cha simu. Ndiyo maana unaweza kusoma 60 huku mlango wa kabati unatetemeka. Usishangae ofisa akija na kipimo chake mkabishana. Muulize kama anapima kwa mizani A peke yake au na C pia, ambayo haiipunguzi besi kiasi hicho. Kwenye besi ndipo vizibo navyo vinapochoka. Vikikaa juu juu, besi inapita kama havipo. Vikikaa ndani kabisa vinaikata vizuri, lakini kile kinachopita kwenye kitanda, godoro na mifupa yako, kizibo hakikihusu. Honi, grinda, mluzi wa konda, kelele za watu, hivyo vinazimika vizuri sana. Singeli utaijua bado ni singeli.

Kwa nini najisumbua hivi kwa ajili ya kelele, wakati mtaa mzima umeshazoea? Kwa sababu kazini kwangu naona watu wasiolala, na kwa sababu mwili haujazoea. Masikio hayana kope. Unapolala yanaendelea kupeleka sauti, ubongo unaendelea kuzichuja, na kishindo kikija mwili unajiandaa: adrenalini inapanda, kotisoli inapanda, moyo unaongeza kasi, mishipa inabana. Unaweza usiamke kabisa na asubuhi ukaapa kwamba umelala fofofo. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo kutoka kwa watu wanaoishi karibu na viwanja vinne vya ndege: Heathrow London, Athens, Malpensa karibu na Milan na Arlanda karibu na Stockholm. Waliwafunga mashine za presha usiku kucha vyumbani mwao. Kelele ya ndege ikizidi desibeli 35 ndani ya chumba, presha ya juu ilipanda kwa wastani wa 6.2 na ya chini 7.4, hata kwa waliokuwa usingizini. Desibeli 35 ni kimya kwa mtu wa Sinza. Nikiwafikiria watu wa Kipawa na Vingunguti, ambako ndege zinapita juu ya bati zikielekea uwanja wa Julius Nyerere, nahisi utafiti kama ule ulistahili kufanywa na kwetu.

Kwa kawaida presha ya mtu mwenye afya hushuka usiku, asilimia 10 hadi 20 hivi. Hayo ndiyo mapumziko ya moyo. Mtu ambaye presha yake haishuki usiku yuko kwenye hatari zaidi ya kiharusi na moyo kushindwa, na hilo wanaofanya kazi wodi za magonjwa ya ndani wanalijua. Kelele ya usiku inayakata mapumziko hayo vipande vipande. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba nchi za Ulaya Magharibi peke yake hupoteza angalau miaka milioni moja ya uhai wenye afya kila mwaka kwa kelele za mazingira, hasa za barabara. Sehemu kubwa kuliko zote haikuwa uziwi. Ilikuwa usingizi ulioharibika. Mwaka 2018 likatoa mwongozo mpya kwa Ulaya: kelele za barabara usiku zisizidi desibeli 45, za ndege zisizidi 40, zikipimwa nje ya nyumba.

Mama yangu anaishi nami na ana presha. Sisemi imeletwa na baa. Presha ina mambo mengi, na yeye chumvi aliipenda toka ujana. Ninachosema ni kwamba nampima mwenyewe asubuhi, na asubuhi za baada ya mkesha wa vigodoro au harusi ya mtaani namba zake hazinipendezi, ingawa vidonge kameza. Nikimuuliza amelalaje ananijibu, "Nimelala mwanangu, mimi makelele nimeshayazoea." Ninamwamini kwamba hakuamka. Mashine ya presha inaniambia habari nyingine.

Nilimpa vizibo. Alivivaa jioni moja, akanirudishia asubuhi kwa upole kabisa: "Hivi vyako vizuri, lakini adhana ya alfajiri sikuisikia." Sikuwa na jibu, na sikutafuta. Mama ameamka kwa sauti hiyo maisha yake yote, na sauti anayoitaka mtu haiwezi kuwekwa fungu moja na anayolazimishwa. Nilimwekea simu chini ya mto imtikise wakati wa swala, akakataa, anasema si sawa na kuitwa. Basi tukafanya mengine. Tukahamisha kitanda chake chumba cha upande wa uchochoro, mbali na baa. Tukajaza tundu la juu ya ukuta, kati ya tofali na bati, ambako sauti ilikuwa inaingia kama maji, na fundi akaweka silingibodi. Feni inazunguka usiku kucha, mvumo wake ni wa aina moja na unafunika vishindo vidogo. Gharama ya silingibodi ya chumba kimoja ingenunua vizibo vya miaka mingi, lakini kizibo ambacho mgonjwa havai hakina dawa ndani yake.

Kasoro nyingine ambazo lazima uzijue kabla hujatoa pesa yako. Usiku wa kwanza utasikia pumzi zako, mapigo ya moyo, na mate ukimeza, kama mtu anatembea ndani ya kichwa. Inapita. Kwa joto la Dar sponji inanyonya jasho, na sikio lenye unyevu na joto ni shamba la fangasi. Kliniki ya masikio inawaona wengi. Mimi sivioshi vya sponji, kwa sababu sabuni inaviharibu visivimbe tena. Vikianza kubadilika rangi au kukakamaa natupa. Navihifadhi kwenye kikopo kikavu, si kwenye mfuko wa nailoni. Ukitoa, zungusha na vuta taratibu, maana ukikinyofoa ghafla ule mvuto unauma ngoma ya sikio. Mwenye sikio linalotoa usaha, au aliyewahi kuambiwa ngoma yake imetoboka, asivae chochote mpaka daktari amwone. Mwenye nta nyingi vitamsukumia ndani, kwa hiyo asafishwe kwanza hospitali, na si kwa kijiti cha pamba nyumbani. Mtoto mdogo usimwekee kamwe, akikitoa anakiweka mdomoni na kinamkaba.

Na kuna usalama. Ukivivaa vyote viwili husikii kibaka anakata nyavu, husikii jiko limeachwa linachemka, husikii anayekuita kwa shida. Simu yangu nailaza chini ya mto, mtetemo peke yake. Nikiwa peke yangu na mama, nalala na kimoja tu kwenye sikio la juu, la chini likiwa kwenye mto. Hapo kelele ya baa inapungua vya kutosha kunipa usingizi, na mama akiita jina langu nasikia.

Mtu ambaye bidhaa hii imetengenezwa kwa ajili yake hasa si mimi, ni fundi mageti wa jirani. Siku moja nilimkuta anakata bomba, cheche zinaruka, masikioni ana kitu cheupe.

"Fundi, masikioni umeweka nini?"

"Pamba, dada nesi. Usiku masikio yananilia nziii mpaka alfajiri."

Pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana. Grinda inatoa karibu desibeli 100. Kiwango cha NIOSH ni desibeli 85 kwa saa nane za kazi, na kila zikiongezeka 3 muda salama unagawanywa kwa mbili: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Fundi anamaliza dakika zake 15 kabla ya chai ya asubuhi, na siku yake inaishia magharibi. Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinywele zinazogeuza mtikisiko kuwa sauti, elfu kumi na tano hivi kwa kila sikio, na ikifa moja haioti nyingine. Ule mlio wa nziii ndiyo taarifa ya kwanza. Nilimpa jozi ya sponji, akaniambia inaziba vizuri lakini mteja akija inabidi atoe, mikono ina grisi, akirudisha inaingia na uchafu. Kwake vya silikoni vyenye kamba ni bora: anavuta, vinaning'inia shingoni, anaongea na mteja, anarudisha, jioni anaviosha kwa sabuni na maji. Sasa anavaa. Nawaza pia makonda, wahudumu wa baa, vijana wa DJ na wauza spika Kariakoo, ambao wamesimama nusu mita kutoka kwenye spika toka asubuhi. Kwa hao shilingi elfu moja ni matumizi ya kazi kabisa, na mwajiri ndiye angepaswa kuitoa.

Watoto ndio wanaonikosesha amani zaidi. Mwaka 1975 New York, mwanasaikolojia Arline Bronzaft na mwenzake Dennis McCarthy walichunguza shule ya msingi iliyokuwa kando ya reli ya juu ya treni za jiji. Watoto waliosomea madarasa ya upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa kimya wa jengo lilelile, na kufika darasa la sita pengo lilikaribia mwaka mzima. Halafu reli zikawekwa mpira wa kupunguza kishindo, madarasa yakawekwa dari za kunyonya sauti, na Bronzaft aliporudi kupima, pengo lilikuwa limekwisha. Mpwa wangu yuko darasa la nne, na dirisha la darasa lake linatazama barabara ya daladala. Mwalimu anakatisha sentensi kila honi inapolia. Mtoto hawezi kuvaa kizibo darasani, ameenda pale kusikiliza.

Sasa nimfikie yule mtu niliyemtaja mwanzo. Nilimfuata msimamizi wa baa iliyo nyuma yetu, mtu mzima wa makamo, mchana, hakuna mteja. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Nikamweleza habari ya mama, na ya mtoto mchanga wa mama Nasra, na ya binti wa chumba cha uani anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Binti, nunua vya kuzibia masikio. Vinauzwa, bei rahisi."

Nilikuwa navyo kwenye pochi wakati ananiambia. Nikavitoa nikamwonyesha. Nikamwambia hivi nimenunua mimi kwa pesa yangu ili niweze kuamka kuhudumia wagonjwa, na mama yangu hawezi kuvivaa, na kichanga hawezi, na mtaa mzima hauwezi kuziba masikio ili spika moja iangalie nje. Nasimama hapohapo mpaka leo. Ninaisifu bidhaa hii kwa moyo wote, lakini anayepiga kelele hana haki ya kuitoa kama jibu. Nchi ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinazosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Wenzetu wa Kenya kanuni zao za mwaka 2009 zinaweka desibeli 35 kwa makazi usiku. Kelele ni uchafuzi kisheria, kama moshi na maji machafu, na malalamiko yake yanapokelewa.

Tulianza karibu, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Alituita pande zote, tukakaa kwenye viti vya plastiki pale ofisini, na hakuna aliyetaka baa ifungwe. Vijana wa mtaa wameajiriwa pale na mama lishe wawili wanauza mlangoni. Tuliomba mambo mawili: spika zigeuzwe zitazame ndani, na besi ipunguzwe usiku ukishakuwa mkubwa. Spika ziligeuzwa wikiendi ileile. Chumbani kwangu simu ilishuka kutoka karibu 65 hadi karibu 55, bila mtu kutoa shilingi. Hizo desibeli 10 alizipata kila mtu katika safu yetu ya nyumba, kichanga akiwemo, na wateja wa baa walikuwa wanacheza kama kawaida. Besi bado. Siku za mechi na sikukuu DJ anajisahau, na mama Nasra ana namba ya mwenyekiti.

Kwa hiyo ukienda kununua: omba vya sponji vyenye umbo la kengele, NRR 30 kwenda juu au SNR 35 kwenda juu, namba iwe imechapwa kwenye kifungashio. Vile vya mafungu vilivyomwagwa kwenye beseni bila namba viache, hujui vimeshikwa na nani. Kiminye kimoja dukani. Kikirudi umbo lake papo hapo kama sponji ya godoro, ni kibovu, kinatakiwa kichukue nusu dakika hivi. Mwenye sikio dogo aulizie saizi ndogo, zipo ingawa muuzaji atakwambia zote ni sawa. Kwa kulalia navipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano vimeikosa kwa ajili ya besi na fangasi. Kwa fundi wa grinda, vya silikoni vyenye kamba, nyota tano.